Ishara kabla ya maneno: utafiti wa California ulivyofanywa

Mtoto wa miezi 11 anajua anachokitaka muda mrefu kabla hajaweza kukitamka. Mikono humtii mapema kuliko ulimi: anapunga kwaheri, ananyooshea taa kidole, anainua mikono abebwe. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Linda Acredolo na Susan Goodwyn, walianzia hapo.

Mwaka 1982 Acredolo alimwona binti yake mdogo akionyesha ua huku akivuta hewa puani, kana kwamba ananusa. Hakuna aliyemfundisha ishara hiyo, naye akaendelea kuitumia kwa maua mengine. Swali likazaliwa: wazazi wakimfundisha mtoto ishara kwa makusudi, hatachelewa kusema?

Ili kulijibu, walichukua watoto 103 wa miezi 11 huko California na kuwagawa makundi matatu. Wazazi wa kundi la kwanza walipewa ishara nane za kuanzia. Samaki ni kuchezesha midomo kama anayekula, chura ni kutoa na kurudisha ulimi, ndege ni kupiga mikono kama mabawa, na “ongeza” ni kugonga kiganja kwa kidole. Kila ishara iliambatana na neno lake, tena wakati ambapo kitu chenyewe kipo mbele ya mtoto.

Wazazi wa kundi la pili waliombwa kukazia maneno tu, bila ishara. Wa tatu hawakupewa maelekezo yoyote.

Kundi hilo la pili ndilo lililoupa utafiti nguvu. Bila hilo, mtu angeweza kudai kwamba watoto wa kundi la kwanza walisaidiwa na wazazi kuongeza bidii tu, wala si ishara.

Watoto walipimwa mara tano, kuanzia miezi 15 hadi 36. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2000, yaliondoa hofu: ishara hazikuchelewesha usemi. Waliozitumia hata walitangulia kidogo katika baadhi ya vipimo, lakini kufikia miaka mitatu tofauti hiyo haikuwa tena na uzito wa kitakwimu.

Mwaka 2013 Elizabeth Kirk na wenzake nchini Uingereza waliwafuatilia akina mama 40 na watoto wao, tangu miezi 8 hadi 20. Hawakuona ishara zikiharakisha lugha. Waliloliona ni kwamba mama waliofundishwa ishara walikuwa wepesi zaidi kusoma anachokitaka mtoto hata pale asiposema neno.

Kwa hiyo anayeuza mafunzo ya ishara za watoto kwa ahadi ya kumpa mzazi mtoto mwenye akili kuliko wenzake hana ushahidi. Tena ishara chache za nyumbani si lugha ya alama ya viziwi, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake. Mtoto kiziwi anaihitaji hiyo yote, tangu mapema.

Mzazi wa mtoto anayesikia aanze na ishara mbili tatu za mambo ya kila siku, kama maziwa, “ongeza” na “imekwisha”. Atamke neno na kuonyesha ishara yake papo hapo, kisha asubiri na kumtazama mtoto mikononi.