Kisanduku kilichoachwa wazi

Chukua jedwali dogo la kliniki ya watoto: mistari mitano, kila mstari jina na uzito. Wa kwanza kilo 12, wa pili 10, wa tatu 14, wa nne 12. Wa tano hakupimwa, maana mizani iliharibika asubuhi ile, na kisanduku chake kikaachwa wazi. Sasa andika:

SELECT AVG(uzito) FROM watoto;

Jibu ni 12. Kompyuta imejumlisha 48 ikagawanya kwa nne, si kwa tano. Mtoto ambaye hakupimwa haikumhesabu kabisa. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nililitazama jioni nzima, na tangu siku hiyo naiheshimu lugha ya SQL.

Edgar Codd, aliyefanya kazi IBM huko California, ndiye aliyependekeza mwaka 1970 kwamba data ikae katika majedwali, na anayeuliza asilazimike kujua imelala wapi ndani ya mashine. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaitungia lugha ya kuulizia, ile iliyokuja kuitwa SQL, wakitaka hata asiye mwanaprogramu aweze kuitumia. Ndiyo maana swali lake huanza na unachotaka, SELECT, ingawa hesabu yenyewe huanzia kwenye FROM, kisha WHERE ichuje mistari.

Fanksheni nyingine hazichukui muda kujifunza. UPPER hukuza herufi, ROUND hukadiria desimali, TRIM hufuta nafasi zilizosahaulika mwanzoni na mwishoni mwa neno. Ni za kawaida, lakini usizidharau: katika hifadhidata ya PostgreSQL, ‘Tanga’ na ‘TANGA’ ni maneno mawili, na ripoti yako itahesabu miji miwili.

Lakini umahiri hupimwa kwenye NULL, yaani pale pasipo na thamani. NULL si sifuri. Ukiandika WHERE uzito = NULL hupati hata mstari mmoja, kwa sababu kisichojulikana hakiwezi kuthibitishwa kuwa sawa na chochote; lazima useme IS NULL. Kuna mwenye haraka atakayeandika AVG(COALESCE(uzito, 0)) ili kila kisanduku kiwe na namba. Wastani utashuka hadi 9.6, na watoto wenye afya wataonekana wamekonda kwa sababu ya mizani mbovu.

Peleka fomula hiyohiyo kwenye daftari la kikoba, mambo yanageuka. Wanachama watano, wanne wamelipa mchango wa wiki, mmoja hakuleta kitu na karani akaacha wazi. Hapa sifuri ndiyo kweli, na COALESCE ndiyo haki. Bila hiyo, wastani wa mchango utavimba na kikundi kitapanga mikopo kwa fedha ambazo hakina. Kwa hiyo stadi wa kazi hii, kabla ya kuiuliza kompyuta, humwuliza karani: ulipoacha wazi, ulimaanisha nini? Uangalifu huo ndio ninaoupenda kuliko kasi yoyote ya vidole.

Ukitaka kuanza, tengeneza jedwali hilo la kliniki kwa mkono wako mwenyewe. Uliza COUNT(*), kisha COUNT(uzito). La kwanza litakujibu 5, la pili 4, na majibu yote mawili ni sahihi.