Kicheko cha Wafaransa

Wako watu wadhanio ya kuwa mchezo wa kuchekesha ni kitu cha kupitishia wakati tu. Msomaji, usikubali neno hilo upesi. Wafaransa wameonyesha kwa muda mrefu kuwa kicheko chaweza kupima tabia ya mtu kama mizani ipimavyo nafaka.

Mtunzi wao mkuu ni Molière, aliyezaliwa Paris mwaka 1622. Mchezo wake uitwao Tartuffe wahusu mnafiki aliyejivika utawa kama joho. Tajiri mmoja, Orgon, alimkaribisha nyumbani, akamwahidi binti yake, kisha akamwandikia mali yake, huku jamaa zake wakimwonya bure. Sikio la kufa halisikii dawa. Hatimaye mkewe, Elmire, alimficha chini ya meza ili asikie mwenyewe jinsi mtawa huyo amtongozavyo. Elmire akakohoa ili mumewe atoke, Orgon kimya! Angalia hapo: tulianza kwa kumcheka mnafiki, walakini kicheko kikubwa kinamwangukia aliyedanganywa, kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kudanganywa.

Mchezo huo ulipoonyeshwa Versailles mwaka 1664, wakuu wa dini walikasirika, ukapigwa marufuku. Haukupata ruhusa kamili ila mwaka 1669. Kwa maoni yangu, una kasoro moja. Mwishoni, Orgon anapokaribia kufukuzwa nyumbani mwake, afisa wa mfalme aja ghafula kumkamata Tartuffe. Wokovu huo watoka nje. Haukuzaliwa na akili ya wenye nyumba. Hata hivyo, watufundisha jambo: pasipo mfalme, ujinga wa mtu mmoja ungaliwaangamiza wote.

Karibu miaka 300 baadaye, mwaka 1958, Jacques Tati alitoa picha ya senema iitwayo Mon oncle, yaani Mjomba Wangu. Naye mwenyewe ndiye aliyecheza kama Bwana Hulot, mjomba huyo. Dada yake Hulot anaishi katika nyumba ya kisasa, na bustanini mna samaki wa chuma atemaye maji. Kengele ya mlangoni ikilia, mama huyo huharakisha kuyafungulia maji. Akiona kuwa ni ndugu yake tu, huyafunga. Maneno ni machache, lakini samaki huyo asema yote juu ya majivuno.

Kicheko cha Molière chauma. Cha Tati chagusa bega tu, kwani hapana mtu mwovu katika picha yake. Mimi nampa Molière nafasi ya kwanza, kwa sababu kwake twaona hasara ambayo kujidanganya huleta. Lakini Tati asidharauliwe: unafiki ni wa wachache, na majivuno ni ya wengi.

Basi, mkiucheza Tartuffe shuleni, msimfanye mnafiki huyo kuwa kichekesho tangu mwanzo. Molière hakumtoa jukwaani mpaka sehemu ya tatu, ili tumwogope kabla ya kumwona. Acheze kwa upole, kama mtawa wa kweli. Akionekana mwongo waziwazi, watazamaji watamcheka Orgon na kwenda zao wakiwa salama. Akionekana mwema, kila mmoja atarudi nyumbani akijiuliza: je, mimi ningalimtambua?