Kuvuka kwa Ratiba: Kutoka Chuo cha Jamii hadi Sayansi ya Kompyuta California

Mwanafunzi wa chuo cha jamii California anayetaka kuhamia Chuo Kikuu cha California, UC, kusomea sayansi ya kompyuta hupeleka maombi yake Oktoba au Novemba ya mwaka wa pili, muhula wa tatu ukiwa katikati. Wanaoyasoma maombi hayo wanaona alama za mihula miwili, pamoja na za kiangazi kama alisoma kiangazi. Alama za muhula wa tatu atazijaza Januari. Za muhula wa nne hawatakuwa nazo kabla ya kuamua. Watakuwa na orodha ya kozi anazoahidi kuzimaliza. Tunazungumzia maandalizi ya miaka miwili, lakini mwamuzi hupima mwaka mmoja na nusu, na sehemu kubwa ya huo mwaka na nusu hupangwa wiki ya kwanza ya masomo, siku mgeni anapojiandikisha kozi kabla hajajua hata maktaba iko wapi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wanaovuka kuingia fani zenye ushindani huvuka kwa ratiba. Akili inahitajika, bidii inahitajika, na insha nzuri haidhuru. Ila nimeona vijana wenye vyote hivyo wakikwama kwa sababu kozi moja ya hisabati ilichelewa muhula mmoja, na inauma, maana hakuna aliyewaambia mapema.

Njia yenyewe haikutokea kwa bahati. Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960, uliosukumwa na Clark Kerr akiwa rais wa UC, uligawa kazi: UC ichukue sehemu moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari, vyuo vya jimbo vichukue theluthi ya juu, na vyuo vya jamii vimpokee kila anayeweza kunufaika na masomo. Kisha njia ya kuhama ikaachwa wazi, ili aliyeanzia chini amalizie juu. Leo vyuo vya jamii ni 116, na ada kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa uniti moja, haijapanda tangu 2012. Uniti 60 za kumfikisha mtu mwaka wa tatu wa chuo kikuu ni dola 2,760 za ada. UC nayo ina ahadi kwamba kwa kila wanafunzi wawili wapya wa mwaka wa kwanza, ipokee mmoja anayehamia. Lakini ahadi hiyo ni ya chuo kikuu kwa ujumla, haisemi lolote kuhusu fani. Anayekwenda kusoma historia ana nafasi ya kukosea na kusahihisha. Anayekwenda kompyuta au uhandisi hana, kwa kuwa viti vya mwaka wa tatu ni vichache na kila anayegombea kimoja ana alama zinazokaribia zake.

Basi tuiweke njia hiyo mezani. Uti wa mgongo ni kalkulasi. Kuna kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu yenye vigeu vingi, kisha aljebra ya mstari na, kwa fani nyingi za uhandisi, milinganyo ya utofautishaji. Huwezi kuruka hatua. Fizikia ya mwendo na nguvu hufunguka ukiwa na kalkulasi ya kwanza. Ya umeme na sumaku humtaka aliyemaliza ile ya mwendo na amefika kalkulasi ya pili. Upande wa kompyuta kuna kozi ya kwanza ya kuandika programu, ya pili, kisha miundo ya data. Zipange sasa katika mihula minne: kalkulasi ya kwanza Agosti, ya pili Januari, ya tatu Agosti inayofuata, aljebra ya mstari Januari ya mwisho. Imetosha kamili, na hakuna muhula hata mmoja wa akiba.

Sasa mwanafunzi akianza na hisabati ya matayarisho, ile inayotangulia kalkulasi, mnyororo mzima husogea. Oktoba ya mwaka wa pili atakuwa na kalkulasi ya kwanza tu mkononi na ya pili ikiendelea, na aljebra ya mstari itahitaji mwaka wa tatu. Anaweza kuwa na A tupu katika kila alichosoma na bado akakataliwa, kwa kuwa kitivo kinatafuta kozi zilizokamilika kabla hakijatazama kitu kingine. Ninachotaka mzazi na mwanafunzi wakishike ni kwamba urefu wa mnyororo huu hupimwa kwa mihula, haupimwi kwa wingi wa kozi. Kusoma kozi sita kwa mpigo hakufupishi chochote kama hisabati imesimama. Na kinyume chake ni kweli pia, jambo ambalo ni faraja kwa wanaofanya kazi za zamu: mwenye kozi mbili tu kwa muhula, moja kati ya hizo ikiwa ni hisabati kila muhula, kiangazi nacho kikitumika, anasonga mbele kuliko mwenye kozi tano asizozipanga.

Kiangazi ndicho kiungo kinachosahaulika. Hisabati ya matayarisho inaweza kumalizwa katika wiki chache za kiangazi kabla ya Agosti ya kwanza, na mnyororo ukarudi mahali pake. Kiangazi cha katikati ni cha thamani zaidi, kwani alama zake huingia kwenye maombi ya Oktoba. Sheria ya jimbo ya mwaka 2022, AB 1705, imevisukuma vyuo kuwaingiza wanafunzi wa sayansi na uhandisi kwenye kalkulasi moja kwa moja, wengine wakipewa darasa la msaada pembeni. Kwa ratiba ni nafuu kubwa. Kwa aliyetoka sekondari na aljebra dhaifu ni hatari, maana C katika kalkulasi ya kwanza haifutiki: UC haitambui kurudia kozi uliyopata C au zaidi. Rai yangu ni kwamba anayeona katikati ya muhula wa kwanza kuwa anazama, na kiangazi kiko mbele yake, ajiondoe kabla ya tarehe ya mwisho. Herufi W, alama ya kujiondoa, haiingii kwenye wastani wa alama, GPA. Itamgharimu muhula mmoja, ambao kiangazi kinaweza kuulipa. Ile C angeibeba hadi mwisho.

Chombo cha kazi ni tovuti ya ASSIST, hazina rasmi ya makubaliano ya kozi kati ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma vya California. Unachagua chuo ulipo, chuo kikuu unakokwenda, fani na mwaka, nayo inakuonyesha kozi ipi ya huku inasimama badala ya ipi ya kule. Isomwe taratibu. Pengine kozi mbili za chuo chako, zote mbili, ndizo zinazolingana na moja ya chuo kikuu. Ukisoma moja hujapata kitu. Pengine hakuna kozi inayolingana, na hapo wengi hukata tamaa ilhali chuo jirani kinayo, na hakuna kinachokuzuia kuisoma huko kwa muhula mmoja. Linganisha pia kampasi tatu au nne za UC unazozitaka, kwa sababu UCLA, Berkeley na San Diego hazidai kozi zilezile kwa fani yenye jina lilelile. Ratiba ya kweli hujengwa kwa muungano wa madai yao yote, ukianza na kampasi kali kuliko nyingine na kuhesabu kurudi nyuma hadi wiki ya kwanza.

Tahadhari moja kwa wanaohama kati ya vyuo vya jamii vyenyewe. Vingi hufuata mihula miwili mirefu kwa mwaka, lakini vichache, De Anza kule Cupertino kikiwamo, hufuata mihula mifupi mitatu. De Anza hugawa kalkulasi katika sehemu nne, 1A hadi 1D, wakati vyuo vya mihula mirefu huigawa katika tatu. Anayehama katikati ya mfululizo hujikuta ama amerudia mada au ameruka mada, na chuo kikuu kinaweza kuukataa mfululizo huo uliokatika. Anza mfululizo na umalizie mahali pamoja.

Ushauri unaonisumbua kuliko wote ni ule wa "maliza kwanza masomo ya jumla". Washauri vyuoni wana wanafunzi wengi kupita kiasi, na kwa fani nyingi ushauri huo ni sahihi. Mpango wa pamoja wa masomo ya jumla, Cal-GETC, ulioanza 2025, una uniti 34, na mwanafunzi wa sosholojia akiumaliza amefika mbali. Wa uhandisi akiumaliza kwanza ametumia mwaka mzima akiwa na kalkulasi ya kwanza pekee. UC yenyewe huwaambia wa fani zenye kozi nyingi za msingi watangulize kozi za fani. Masomo ya jumla yanaweza kukamilishwa hata baada ya kuhama. Yanayodaiwa kwa kila mtu ni machache: kozi mbili za uandishi wa Kiingereza, moja ya hisabati na nne za nyanja nyingine.

Kuna pia dhamana ya kuhama, TAG. Ombi lake hupelekwa kuanzia tarehe 1 hadi 30 Septemba, kwa kampasi moja tu, na kampasi zinazoitoa ni sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo, na hizo sita huweka masharti na kuondoa baadhi ya fani, kwa hiyo orodha ya mwaka husika isomwe kabla ya kuitegemea. Inafaa kama ngazi ya akiba. Kisichofaa ni ile hila ya kuomba fani nyepesi ukitarajia kuhamia kompyuta ukishaingia. Vitivo vingi vyenye ushindani vimeufunga mlango huo kwa wanaohamia.

Insha ni nne, maneno yasiyozidi 350 kila moja, na moja ni ya lazima: umejiandaaje kwa fani yako? Nafasi hiyo imfae mwanafunzi kueleza yale ambayo orodha ya kozi haisemi, kama muhula wenye pengo, zamu za usiku, au programu aliyoiandika ikatumiwa na watu. Fomu ya maombi nayo ina mtego wake. Familia nyingi zilizotoka Kongo kama wakimbizi na kuishi miji kama San Diego zina vijana waliowahi kuanza chuo kikuu nyumbani au uhamishoni. Chuo hicho kitajwe kwenye fomu pamoja na matokeo yake, hata kama yalikuwa mabaya au hayakukamilika. Fomu hudai kila chuo ulichosoma baada ya sekondari, na kuficha kimoja kunaweza kufuta nafasi iliyokwisha kutolewa.

Majibu hutoka kufikia mwisho wa Aprili, na mwombaji ana hadi tarehe 1 Juni kukubali nafasi aliyopewa. Nafasi hiyo ina masharti: kozi zote alizoahidi Novemba zimalizwe, kwa alama zilizotajwa kwenye barua, na nakala rasmi ya matokeo ifike kwa tarehe iliyowekwa. Aljebra ya mstari, ile ya muhula wa nne, imo ndani ya ahadi hiyo. Anayefikiria kuiacha Februari kwa sababu ya kazi au ugonjwa aiandikie kwanza ofisi ya udahili ya kila kampasi aliyoomba, na asubiri jibu kabla ya kujiondoa darasani.