Kuchavusha si Kurutubisha: Maoni Juu ya Tafsiri za Kilimo cha Bustani

Mtafsiri akabidhiwapo maelezo ya kilimo cha bustani hudhani kazi ni nyepesi, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya wakulima tangu zamani. Tumepitia tafsiri kadhaa za maelezo juu ya kupanda mibuluberi nyumbani, zilizokusudiwa wasomaji wetu waishio Marekani, ambako mmea huu una asili yake. Tunda hili sasa hulimwa Kenya pia, hivyo tafsiri za namna hii zitaongezeka. Sarufi yake haina lawama. Kasoro zimo katika istilahi, na hasara humwangukia mtu aliyekwisha nunua miche.

Kasoro ya kwanza ni kutumia neno "urutubishaji" pale panapotakiwa "uchavushaji". Haya ni matendo mawili yafuatanayo. Kwanza chavua hufika kwenye stigma ya ua. Baadaye tu ndipo mbegu ya kiume huungana na ya kike ndani ya ovari. Isitoshe, kwa mkulima kurutubisha ni kutia mbolea. Akiambiwa arutubishe maua atakwenda kutafuta samadi, ilhali mizizi myembamba ya mbuluberi huungua upesi kwa mbolea nyingi. Neno chavua tunalo, na vitenzi vyake vimezoeleka mashuleni. Hatuoni sababu ya kuyakwepa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Tafsiri hizo humshauri msomaji apande "mti mwingine" au "aina nyingine" karibu na wa kwanza. Mibuluberi ya bustani huzalishwa kwa vipandikizi. Kwa hiyo mimea kumi yenye jina moja la kibiashara ni sawa na mmea mmoja uliokatwa vipande, na chavua yake ni ile ile. Frederick Coville, aliyeshirikiana na Elizabeth White huko New Jersey tangu mwaka 1911 kuufanya mmea huu wa porini kuwa zao, alibainisha kwamba maua yaliyopewa chavua ya mmea wake yenyewe huzaa matunda machache, madogo na ya kuchelewa. Katika jamii inayopandwa sana kusini mwa Marekani, kama Georgia na Florida, tatizo hilo ni kubwa zaidi: bila chavua ya kigeni hupatikana matunda haba mno. Basi aliyenunua "mti mwingine" wa jina lile lile hakununua kitu.

Wala "aina" haitoshi, maana tumelibebesha neno hilo kila daraja, kuanzia jamii ya mmea hadi tofauti ndogo kabisa. Sisi tunapendekeza "mbegu". Tunajua tutaambiwa kwamba kipandikizi si mbegu. Lakini mkulima wetu husema mbegu ya muhogo akiwa na vijiti mkononi, na hakuna anayemcheka. "Panda mbegu mbili tofauti zinazochanua wakati mmoja": hapo msomaji anajua aulize nini dukani.

Mtego wa mwisho ni neno "hujichavusha". Ziko mbegu za mbuluberi zinazoweza kuzaa kwa chavua yake zenyewe, lakini hilo halina maana kwamba ua hujifanyia kazi. Ua la mbuluberi huning'inia mfano wa kengele, na chavua hutoka katika vitundu vidogo kama chumvi katika kichupa chake. Lazima mdudu aje. Aliyesoma "hujichavusha" anaweza kufunika mmea kwa wavu wakati wa maua au kunyunyiza dawa asubuhi, kisha akalaumu udongo. Heri kuandika kwa urefu: "huzaa kwa chavua yake, ila huhitaji nyuki."

Na nyuki gani? Nyuki wa asali hulitembelea ua hilo, lakini hawezi kulitikisa kwa mngurumo wa misuli yake. Afanyaye hivyo ni nyuki mnene mwenye manyoya wa nchi za baridi, ambaye hana asili Afrika Mashariki, na kwa hiyo hatukumpa jina. Tunao hata hivyo nyuki weusi wakubwa watoboao boriti, ambao hulitikisa ua la bilinganya vivyo hivyo. Tungependa wote waitwe "nyuki watikisaji" kwa tendo lao, ingawa tunakiri kwamba wataalamu wa wadudu watataka kila mmoja apewe jina lake.