Gigabiti Moja, na Simu Bado Inakatika

Kuna namba moja ambayo imetuhadaa sana sisi watumiaji wa intaneti ya nyumbani: ile inayotokea katikati ya skrini ukipima kasi. Mshale unapanda, unafika 900 na ushee, unapiga picha unairusha kwenye grupu ya familia. Hata mimi nimewahi.

Dada yangu ni mkalimani wa simu. Yeye yuko chumbani kwake hapa Nairobi, daktari na mgonjwa anayezungumza Kiswahili wako Marekani, na kila sentensi inapita kwake. Mwaka jana aliandikiwa onyo la pili: sauti yake inachelewa, watu wanaongea kwa kugongana. Onyo la tatu lingekuwa kwaheri. Tukachangishana, tukahamia kifurushi cha gigabiti moja. Kipimo kikasoma 930. Jioni ileile simu ikakatika-katika kama zamani.

Sasa fikiria. Simu ya sauti inahitaji karibu kilobiti 100 kwa sekunde, basi. Gigabiti moja ingebeba maelfu ya simu kama hiyo. Tulinunua kasi wakati shida ilikuwa muda. Pendekezo la ITU liitwalo G.114 linataka sauti isizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na sehemu kubwa ya hizo inaliwa na safari ya chini ya bahari kabla hata ruta yako haijafanya uzembe wowote.

Uzembe wenyewe ni foleni. Umewahi kwenda bombani na kikombe ukamkuta mtu ana madumu 20? Maji yanatoka kwa kasi nzuri tu, lakini wewe unasubiri. Kwa dada, mwenye madumu alikuwa mdogo wetu, ambaye anapiga picha za harusi na kila jioni anapakia video zake mtandaoni. Pakiti za sauti zilikuwa zinapanga mstari nyuma ya video ndani ya bafa, yaani ile kumbukumbu ya ruta au modemu ambamo data husubiri zamu. Jim Gettys aliukuta ugonjwa huu nyumbani kwake mwenyewe mwaka 2010, akaueneza kwa jina ambalo mimi nalitafsiri uvimbe wa bafa. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa, CoDel: usihesabu foleni ina pakiti ngapi, angalia kila pakiti imesubiri muda gani. Zikiendelea kusubiri zaidi ya milisekunde 5, anza kutupa baadhi, na anayetuma atapunguza mwendo mwenyewe. Baadaye zikaja fq_codel na CAKE, ambazo pia zinampa mwenye kikombe mstari wake.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na ushauri uliozaliwa na dawa hiyo na bado unarudiwa kama ulivyo: ingia kwenye ruta, washa SQM pande zote mbili, weka asilimia 90 ya kasi yako, umemaliza. Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa kwa laini za megabiti 10. Chukua bafa ya megabaiti moja, ambayo ni megabiti 8. Kwa laini ya megabiti 10, kuimaliza kunachukua milisekunde 800. Kwa megabiti 50, milisekunde 160. Kwa gigabiti moja, milisekunde 8, ambazo sikio halizisikii. Ukubwa ni uleule, ila ugonjwa umekaribia kujiponya wenyewe upande wa kupakua.

Dawa nayo ina gharama. Kwenye gigabiti moja, pakiti kubwa zinapita zaidi ya 80,000 kwa sekunde, kila moja ina kama mikrosekunde 12 tu. Ruta za bei ya kawaida zinafikia kasi hiyo kwa njia ya mkato: chipu maalumu inapitisha pakiti bila kumsumbua prosesa. Ukiwasha SQM, kwa kawaida njia ya mkato inafungwa, maana foleni haiwezi kusimamiwa na mtu asiyeiona. Kila pakiti inarudi kwa prosesa, na prosesa ni kadogo.

Nilijua haya kwenye karatasi (nina shahada ya pili ya mambo haya, aibu hiyo) na bado nikafuata ushauri kichwa-kichwa. Nikawasha CAKE pande zote, nikaandika 850 kupakua na 45 kupakia. Kipimo kikashuka hadi 280. Prosesa ilikuwa asilimia 100, na ikishalemewa hivyo inageuka kuwa foleni yenyewe. Simu ya dada ikawa mbaya zaidi. Akaniuliza, “Kaka, hii ndiyo kutengeneza?”

Kilichofaa ni kuacha upakuaji wazi na kusimamia upakiaji peke yake, maana kifurushi chetu, pamoja na jina lake la gigabiti, kinapakia megabiti 50 tu. Madumu yote yalikuwa upande huo. Megabiti 45 ni mzigo mwepesi kwa prosesa, na zile 5 nilizoziacha ndizo zinazoifanya foleni ikae kwenye ruta yangu ninayoitawala, isihamie kwenye kisanduku cha kampuni. Njia ya mkato bado imefungwa, kwa hiyo kupakua kumeshuka hadi kama 600. Halafu nikavuta waya hadi mezani kwa dada, kwa sababu Wi-Fi ina foleni zake ambazo mpangilio huu hauzigusi.

Wapimaji kasi nao wana lawama yao. Fast.com wanaonyesha ucheleweshaji laini ikiwa na mzigo, Speedtest waliuongeza mwaka 2022, na Mac tangu Monterey ina amri ya networkQuality. Ila kasi bado inaandikwa kwa herufi za bango, ucheleweshaji kwa herufi za masharti na vigezo. Matangazo ya faiba ndiyo kabisa: hayautaji, na upakiaji unautafuta kwa tochi.

Kabla hujaongeza hela ya kifurushi, pima hivi: anza kupakia video kubwa, kisha fanya ping kwenye kompyuta nyingine. Ikiruka kutoka 20 hadi 200, gigabiti haitakusaidia. Isiporuka, angalia Wi-Fi yako kwanza, ruta iache.

Mdogo wetu amegundua ile 930 imekuwa 600 na anasema nimemwibia 330. Video zake zinachukua dakika chache zaidi kupanda. Onyo la tatu halijaja.