"Inastahimili ukame." Na jua je?

Msomaji, ukikuta pakiti ya mbegu au makala ya sayansi imeandikwa "inastahimili ukame", usishangilie haraka. Leo naikosoa kauli hiyo, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Kwenye utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilipanda mahindi kwenye vyungu ndani ya kitalu nyumba. Kundi moja nililinyima maji, jingine nikalimwagilia kama kawaida. Kisha nikapima prolini, kemikali ambayo mimea mingi huilimbikiza inapokosa maji ili kulinda seli zake. Aina iliyokuwa na prolini nyingi nikaiita stahimilivu. Nikafaulu. Siku nilipowaeleza wakulima wa Kongwa matokeo hayo, mzee mmoja akaniuliza: "Binti, huko kwenye banda lako, jua lilikuwa kama hili?" Nikababaika. Banda letu lilikuwa na feni.

Kwa nini swali lile lina uzito? Mmea ukikosa maji hufunga stomata, vile vitundu vidogo vya jani, ili maji yaliyobaki yasipotee. Kukiwa na joto na maji yapo, huviacha wazi, maji yavukize, jani lipoe, kama sisi tunavyotoka jasho. Sasa ukame na joto vikija siku moja, mmea ufanye lipi? Ukifunga, jani linachemka. Ukifungua, unakauka.

Na si kwamba wanasayansi hatukujua. Mwaka 2004 Ludmila Rizhsky, Ron Mittler na wenzao walichapisha katika jarida la Plant Physiology jaribio la ukame na joto kwa pamoja. Chini ya ukame peke yake, prolini iliongezeka. Ukame na joto vilipounganishwa, haikulimbikizwa. Badala yake iliongezeka sukari, hasa sukrosi. Yaani kipimo nilichokitegemea mimi kinaweza kutoweka pale pale mkulima anapokihitaji. Makala hiyo nilikuwa nayo kwenye kompyuta. Niliinukuu kwenye utangulizi, halafu nikafanya jaribio kama vile sijaisoma.

Hata hivyo nayo ina mipaka yake. Walitumia Arabidopsis, kimmea cha maabara kisicholiwa na mtu. Haituambii chochote kuhusu gunia.

Kwa gunia, tazama kazi ya David Lobell na wenzake ya mwaka 2011. Walichambua majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika. Kila siku-digrii moja juu ya nyuzi joto 30 ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 pale mvua ilipotosha, na kwa asilimia 1.7 pale palipokuwa na ukame. Joto lilelile, hasara karibu mara mbili. Hapo ndipo "inastahimili ukame" inapobaki nusu sentensi.

Tena sijagusa magonjwa. Homoni inayoufanya mmea ufunge stomata, asidi ya absisiki, mara nyingi hudhoofisha kinga inayotegemea asidi ya salisiliki. Na wadudu na virusi hawasubiri zamu. Ugonjwa wa MLN, ulioripotiwa Kenya mwaka 2011 huko Bomet, hutokana na virusi viwili kuungana: cha madoa ya mahindi pamoja na kingine, kwa mfano cha batobato la miwa. Kila kimoja peke yake kwa kawaida mahindi huweza kukivumilia kwa kiasi. Vikikutana, shamba zima linaweza kukauka bila kutoa hindi la maana.

Najua utetezi wetu: kupima adha moja moja ni rahisi, ni nafuu, na sababu inaonekana wazi. Ni kweli, na majaribio hayo tunayahitaji. Kosa ni kuchukua jibu la chunguni na kuliandika kana kwamba limetoka shambani.

Basi ukisikia "stahimilivu", uliza: ilijaribiwa kwa adha ngapi kwa wakati mmoja? Wakati wa mbelewele na ndevu, au ikiwa miche tu? Walipima mavuno, au kemikali kwenye jani?

Yule mzee sijarudi kumjibu. Msimu ujao narudi Kongwa, safari hii na kipimajoto, na mahindi yangu yatakuwa nje.