Programu ya Seremala Ipimwe kwa Msumeno

Seremala anayetafuta programu ya kuchorea huanza na swali la picha: ipi inatoa kabati linalong'aa, lenye kivuli na rangi ya mninga? Picha humridhisha mteja, lakini kinachofika kwenye msumeno ni orodha ya vipande: urefu, upana, unene, idadi. Mimi naipima programu kwa orodha hiyo, na kwa jinsi inavyohimili mteja akibadili mawazo.

Tuchukue kabati la vitabu la MDF ya mm 18, upana wa nje mm 900. Rafu inakaa kati ya mbavu mbili, kwa hiyo urefu wake ni 900 kutoa 36, yaani mm 864. Ukifika dukani ukakuta zimebaki mbao za mm 16 tu, rafu hiyo hiyo inatakiwa iwe mm 868. Hapo ndipo programu huachana.

SketchUp ilitoka mwaka 2000 mikononi mwa kampuni ndogo ya Boulder, Colorado. Google iliinunua mwaka 2006, kisha ikaiuza kwa Trimble mwaka 2012. Sifa yake ni wepesi: unachora mstatili, unaushika uso wake, unauvuta, ubao umepatikana. Kuna sharti moja ambalo wanaoanza hulipuuza. Kila ubao ukishavutwa ugeuzwe komponenti, yaani kipande kinachojitegemea, papo hapo, la sivyo unagandana na jirani yake, na ukisogeza rafu unaburuta ubavu mzima. Faida nyingine ni kwamba komponenti zilizonakiliwa hubadilika pamoja: rekebisha rafu moja, zote zimefuata. Hata hivyo, SketchUp haikumbuki kwamba 864 ilizaliwa na 900. Unene ukibadilika, mbavu, kichwa na kitako utavivuta mwenyewe, kimoja kimoja.

FreeCAD huenda kinyume. Unafungua jedwali, unaandika upana na unene, na majina hayo yanaweza kuwa ya Kiswahili. Urefu wa rafu unauandika kama hesabu: upana kutoa unene mara mbili. Ukibadili 18 kuwa 16, kabati zima linajipanga upya. Gharama yake ni uvumilivu, maana menyu ni nyingi na mwanzoni kuchora ubao mmoja tu kunachosha. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi, na lilipunguza sana ugonjwa wa zamani ambapo kurekebisha hatua ya mwanzo kulivuruga vipande vilivyochorwa baadaye.

Halafu kuna hesabu ya msumeno wenyewe. Bao zima lina mm 1220 kwa 2440. Unataka vipande vitatu vya upana wa mm 405: jumla 1215, vinaonekana kuenea na mm 5 za ziada. Lakini msumeno unakula karibu mm 3 kila unapopita, na hapa unapita mara mbili. Jumla sasa ni 1221, na kipande cha tatu kimepungua milimita moja. OpenCutList, nyongeza ya bure ya SketchUp, inakuuliza ulaji wa msumeno na kukuchorea mpangilio wa bao lote. Tatizo ni kwamba haifanyi kazi kwenye SketchUp Free, ile ya kwenye kivinjari. Inahitaji SketchUp iliyosakinishwa kwenye kompyuta.

Toleo hilo la bure la kivinjari, tena, limeruhusiwa kwa matumizi binafsi, si biashara. Fusion ya Autodesk, programu nyingine ya kuchorea, ina sharti la aina hiyo, na toleo lake la bure huruhusu nyaraka 10 tu zinazoharirika kwa wakati mmoja. FreeCAD haina masharti hayo, na haili bando ukishaisakinisha.

Zote zina upofu mmoja: zinachora mbao halisi kana kwamba hazivimbi masika. Nafasi ya kupumua ya ubao mpana utaiweka wewe.

Kwa kigoda au benchi, penseli inatosha. Anayejitengenezea samani za nyumbani aende SketchUp, atachora kabati lake la kwanza upesi. Lakini fundi anayeishi kwa oda za makabati, ambaye kesho ataombwa lile lile liongezwe sentimita kumi, ajifunze FreeCAD hata kama mwezi wa kwanza utamkera.